Barakoa: Ulimvalia Nani?



Neno barakoa halikuzaliwa mwaka 2020. Lilitoka katika Kiarabu na limekuwamo katika Kiswahili tangu zamani, likitaja vazi la uso la wanawake wa tabaka la juu wa Unguja na Omani, vazi lililofunika paji na pua na kuyaacha macho yaone. Bibi Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alilieleza vazi hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Mwanamke aliyelivaa hakuwa akijikinga na maradhi. Alikuwa akiwaeleza wapita njia yeye ni nani na anatoka nyumba gani. UVIKO-19 ulipoingia, Waswahili hawakuhangaika kubuni neno. Walilifungua sanduku la bibi, wakalitoa la zamani na kulipa kazi mpya. Kampala watu wengi walisema masiki, nao walielewana vizuri tu.

Nimeanza na neno kwa sababu, hata katika kazi yake mpya, barakoa haikuacha tabia yake ya kale. Iliendelea kuwa jambo baina ya mvaaji na jicho linalomtazama. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni jicho la nani. Kwa nini watu wa Namuwongo, mtaa uliohitaji barakoa kuliko mitaa mingi ya Kampala, waliichukua kama kibali cha kupita mbele ya askari? Jibu linalotolewa upesi, hasa na wasioishi huko, ni kwamba watu wale hawakuelimika. Mimi silikubali jibu hilo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mtaa wenyewe: Namuwongo umo katika Tarafa ya Makindye, kusini-mashariki mwa katikati ya jiji. Upande mmoja kuna eneo la viwanda, na upande wa pili kinainuka kilima cha Muyenga chenye nyumba za wenye nacho. Reli inapita ubavuni mwa mtaa, na mfereji wa Nakivubo unachukua majitaka ya jiji kuyapeleka kwenye ardhi oevu na hatimaye ziwani. Mwaka 2014 vibanda vilivyosongamana kandokando ya reli vilibomolewa, na wengi waliovunjiwa hawakwenda mbali. Walijibana katika nafasi iliyobaki. Chumba kimoja hulaza familia nzima. Choo kimoja hutumiwa na kaya kadhaa. Maji hununuliwa kwa dumu. Kilima cha Muyenga huitwa pia Tank Hill kwa sababu ya matangi ya maji ya jiji yaliyojengwa huko juu, hivyo mama anayesubiri zamu bombani akiwa na sarafu zake mkononi anaweza kuinua macho akaona maji yanakolazwa.

Sasa zichukue kanuni tatu zilizorudiwa redioni kila saa: kaeni mbalimbali, naweni mikono, vaeni barakoa. Ya kwanza, Namuwongo, ilikuwa mzaha. Ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wa jirani; utakaa mbali naye wapi? Ya pili ilikuwa na bei, maana kila unawaji ulipunguza maji ya kupikia. Ya tatu peke yake ndiyo iliyowezekana kwa watu wanaoishi namna ile. Kipande cha kitambaa chenye kamba mbili hakidai nafasi, hakidai bomba, na fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kukishona. Kwa mantiki hiyo Namuwongo ungekuwa mtaa wa kwanza kuipenda barakoa.

Haukuipenda, nami nadhani chanzo chake ni namna ilivyofika.

Kumbuka mfuatano wa mambo. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyetua Entebbe kutoka Dubai, alithibitishwa kesho yake. Kabla mwezi haujaisha magari ya abiria na ya binafsi yalikuwa yamezuiwa, bodaboda zimekatazwa kubeba watu, na amri ya kutotoka nje usiku imeanza. Katika siku hizo hizo za mwisho wa Machi, askari polisi na askari wa LDU, kile kikosi cha ulinzi wa mitaa, waliwacharaza fimbo wachuuzi na waendesha bodaboda katika mitaa ya Kampala. Picha za wanawake wauza matunda wakikimbia na beseni zao zilionekana nchi nzima. Mwezi Aprili ulianza ugawaji wa chakula cha msaada: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu. Ukilima na kuvuna shambani mwako, hesabu hiyo inatosha kitambo. Ukiishi kwa kibarua cha kutwa, chakula hicho ni cha siku chache, na baada yake lazima utoke.

Barakoa ikaja baada ya hayo yote. Mwanzoni mwa Mei 2020 Rais Museveni alitangaza kwamba kila atokaye nyumbani lazima aivae. Wiki mbili baadaye aliahidi kuwa serikali itampa kila raia wa miaka 6 na kuendelea barakoa ya kitambaa bila malipo, na ugawaji ukaanzia wilaya za mipakani. Ahadi hiyo ilikuwa njema, nami siibezi. Lakini angalia mpangilio: amri ilitangulia, kitambaa kikafuata nyuma. Katika pengo hilo, ambaye hakuwa na barakoa alikuwa mkosaji tayari. Na aliyetumwa kumweleza kosa lake alikuwa yule yule wa fimbo za Machi.

Nikuulize wewe uliyesoma mnyambuliko wa vitenzi: tuna kuvaa, tuna kuvishwa, na tuna kuvalia. Aliyevaa ametenda kwa hiari yake. Aliyevishwa ametendewa, mikono ni ya mwingine. Kuvalia ni kauli ya kutendea, nayo hubeba sababu au mlengwa ndani yake, kama tunaposema mtoto ameivalia Idi nguo mpya. Basi tukimwuliza mpita njia wa Namuwongo wa mwaka 2020, “Barakoa hiyo umemvalia nani?”, jibu la haki lingekuwa: nimemvalia askari. Ndiyo maana iliishi mfukoni. Ndiyo maana ilining’inia kidevuni, tayari kupandishwa kofia za kijani zikionekana kwenye kona, na kushushwa zikishapita. Barakoa moja ilitumiwa na ndugu wawili au watatu kwa zamu, kila atokaye akiibeba kama watu wanavyoazimana mwavuli. Daktari angeshtuka kuona hivyo. Lakini kama kifaa hicho ni kibali cha kupita, hakuna upumbavu wowote katika kuazimana kibali.

Hao ndio watu tunaoambiwa hawakuelimika. Namuwongo imejaa watu waliotoka kaskazini mwa Uganda, wengi wao wakiwa ni Waacholi waliokimbia vita au watoto wa waliokimbia. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu. Waliothibitishwa au kudhaniwa kuugua walikuwa 425, na 224 kati yao walifariki. Dakta Matthew Lukwiya, aliyeongoza mapambano katika Hospitali ya Lacor, aliambukizwa akiwatibu wagonjwa na kufariki Desemba mwaka huo. Mtu aliyekulia katika habari hizo hahitaji kufundishwa kwamba maradhi yasiyoonekana yanaua, wala kwamba daktari hufunika uso kwa sababu. Namuwongo wapo pia Wakongo, na kwao Ebola si hadithi ya kale. Kusema kwamba watu hawa walikosa elimu ya maradhi ni kukosa kuwauliza wametoka wapi.

Tena elimu yenyewe iliyumba. Katika miezi ya kwanza Shirika la Afya Duniani lilisema barakoa ni za wagonjwa na wahudumu wa afya. Tarehe 5 Juni 2020 likabadili ushauri na kuzipendekeza kwa umma mahali ambapo ugonjwa unaenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali. Wanasayansi wanaruhusiwa kubadili mawazo wanapopata ushahidi. Ndiyo kazi yao. Ila mtu aliyesikia sauti mbili katika majira mamoja ana haki ya kuuliza maswali, naye akiulizwa kwa rungu kwa nini anauliza, atanyamaza, atavaa, na hataamini.

Na kama bado unafikiri ukaidi wa barakoa ni ugonjwa wa mitaa ya mabanda, vuka bahari. Mwanzoni mwa mwaka 1919, homa kubwa ya mafua ilipokuwa ikiua watu, San Francisco ya Marekani ilikuwa na chama kilichoundwa mahsusi kupinga barakoa. Wanachama wake walikuwa na mabomba ya maji majumbani mwao.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Kanuni za afya zilianza kunuka siasa. Tarehe 18 Novemba 2020 mgombea urais Robert Kyagulanyi, anayejulikana pia kama Bobi Wine, alikamatwa akiwa katika kampeni, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuvunja masharti ya UVIKO-19 kwa kukusanya watu wengi. Maandamano yaliyofuata yalizimwa kwa risasi. Watu wasiopungua 54 walikufa. Simtetei mgombea yeyote hapa, na mikusanyiko ya kampeni ya pande zote ilikuwa ya hatari kweli kweli. Nasema tu kwamba raia aliyeona sheria ya virusi ikimwangukia mmoja na kumruka mwingine alijifunza kitu kuhusu sheria hiyo, na somo hilo halikuwa la afya. Baada ya Novemba ile, kumwambia kijana wa Namuwongo “vaa barakoa kwa usalama wako” kulihitaji uso mkavu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usinielewe kwamba natoa ruhusa. Mtaani ilisikika kauli kwamba huu ni ugonjwa wa wenye ndege. Nauelewa uchungu wake: virusi vilikuja na tiketi, vikateremka Entebbe, na aliyefungiwa njaa ni yule asiyewahi kupanda hata ngazi ya ndege. Lakini virusi vikishateremka havirudi kuuliza pasipoti. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi analala pia bibi mwenye pumu, na mjukuu anayeshinda sokoni ndiye anayemletea hewa ya soko. Huyo bibi hakuwahi kumpiga mtu fimbo. Kumnyima kinga ili kumkomoa askari ni kulipa kisasi kwa asiyehusika. Hapa ndipo napotofautiana na rafiki zangu wanaoona kila barakoa iliyoshushwa kuwa ushujaa wa mnyonge. Nyingine ilikuwa ushujaa, sikatai. Nyingine ilikuwa uzembe uliojificha nyuma ya ushujaa, na bibi alilipa gharama.

Mwezi Juni 2021 ulilionyesha hilo. Wimbi la pili lilikuja kwa kishindo, hospitali zikajaa, oksijeni ikawa haba, na tarehe 18 Juni nchi ikafungwa tena kwa siku 42. Safari hii marehemu walikuwa na majina yanayojulikana mtaani: mwalimu, mchungaji, mwenye duka. Nyuso nyingi zilizofunikwa vizuri, pua na mdomo, katika majuma yale hazikufunikwa na LDU. Watu walikuwa wamepata mtu wa kumvalia.

Je, ingewezekana kufika hapo bila kungoja misiba? Upo ushahidi kwamba ingewezekana, nao umetoka nchi maskini. Huko Bangladesh watafiti walikwenda katika vijiji 600 vyenye watu wapatao 350,000. Katika nusu ya vijiji waligawa barakoa nyumba kwa nyumba bila malipo, wakaeleza sababu, wakawaomba viongozi na maimamu wazivae hadharani, na wakaweka watu wa kuwakumbusha wapita njia kwa upole sokoni na misikitini. Hawakutumia faini wala fimbo. Uvaaji sahihi ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, na ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa kwa damu ukapungua kwa takriban asilimia 9. Kwa wazee waliopewa barakoa za hospitali upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Utafiti huo ulichapishwa Desemba 2021. Asilimia 42 si mia, wala tisa si muujiza. Lakini linganisha na Kenya, ambako kanuni za Aprili 2020 zilitishia faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Tishio hilo halikuizuia barakoa kushuka kidevuni Kibera kama ilivyoshuka Namuwongo.

Tafakari yale ambayo Namuwongo ilikuwa nayo tayari. Ilikuwa na mafundi cherehani ambao kazi zao zilikufa harusi zilipokatazwa na sare za shule zilipokosa wanunuzi. Ilikuwa na mwenyekiti wa LC1 anayejua kila mlango, na viongozi wa makanisa na misikiti waliokuwa wakizika na kufariji. Ilikuwa na wauza maji, ambao kila kaya hupita mbele yao kila siku. Fedha ya barakoa ingepitia kwenye vyerehani vile, na neno la barakoa lingetoka vinywani mwa watu wale, kabla ya amri. Mama aliyeshonewa na jirani yake, akalipwa jirani huyo, akaelezwa na muuza maji wake, angekuwa na sababu tatu za kuiheshimu barakoa ambazo askari asingeweza kumpa.

Mfano wa mkubwa nao una uzito wake. Tanzania, kwa muda mrefu, viongozi wa juu hawakuonekana na barakoa, na umma ukafuata. Kisha tarehe 11 Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Entebbe kwa mikataba ya bomba la mafuta akiwa amevaa barakoa, na picha ile peke yake ilizungumzwa kuliko hotuba. Tarehe 28 Julai mwaka huo alichanjwa mbele ya kamera. Uganda amri zilikuwa nyingi, lakini wakati wa kampeni za mwaka 2020 barakoa za waheshimiwa nazo zilikuwa na kawaida ya kushuka kidevuni karibu na kipaza sauti. Watoto wa Namuwongo wana macho.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Unajua sifa ya lugha hii nchini Uganda: kwa watu wa makamo wengi, hasa Kampala, Kiswahili ni lugha ya kambi ya jeshi na ya kizuizi cha barabarani, kumbukumbu iliyokomaa katika miaka ya Idi Amin. “Simama! Toa kitambulisho!” Mwaka 2020 orodha hiyo iliongezwa sentensi moja: “Vaa masiki!” Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukifanya Kiswahili lugha rasmi na kukifundisha kwa lazima shuleni. Nimefurahi, naam, nani mwalimu asiyefurahi? Lakini lugha inayojulikana kwa hali ya kuamrisha tu haiwezi kubeba habari za afya. Namuwongo, ambako Mwacholi, Mkongo, Mkenya na Muganda hupanga foleni moja bombani, Kiswahili kingeweza kuwa lugha ya kushauriana kuliko nyingine yoyote. Kwanza kifundishwe kusema “tuvae” pamoja na “vaa”, na kusema “kwa kuwa” kabla ya kusema “ni marufuku”.

Wala usidhani tuna muda mrefu. Septemba 2022 Ebola ilitangazwa Mubende na baadaye ikafika Kampala; waliothibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao walikufa. Tarehe 30 Januari 2025 ilitangazwa tena, safari hii ikianzia Kampala kwenyewe, na aliyefariki kwanza alikuwa muuguzi.

Kwa hiyo juma hili sikupi insha. Andika tangazo la sentensi tano, kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka na mtu anayekisikia kwa nadra, litakalobandikwa kwenye bomba la maji Namuwongo siku maradhi mengine ya hewa yatakapofika. Usitumie neno marufuku. Usimtaje askari. Sentensi ya kwanza imtaje mtu mmoja anayeishi katika nyumba ya msomaji, na ya mwisho imwambie kitambaa kinapatikana kwa fundi gani na kwamba kimeshalipiwa. Kisha mpe mtu asiyesoma darasa letu alisome kwa sauti, nawe usikilize ni wapi anasitasita.